Chumba Kinanukia, na Mbu Bado Yumo

"Chandarua cha nini, mwanangu, na chumba kinanukia hivi?"

Shangazi aliniuliza akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anajipaka mafuta kuanzia vifundo vya miguu kwenda juu, bila haraka. Chumba kilinukia kweli. Mchaichai na karafuu, mpaka macho yalikuwa yanawasha. Kile kichupa nilimpa mimi. Nilichanganya mwenyewe, nikakibandika karatasi yenye jina lake, na siku ya kumkabidhi nikatamka maneno ambayo nikiyakumbuka leo natamani kujificha: "Shangazi, hii mbu hawaisogelei."

Chandarua nilikiona kimekunjwa juu ya kabati. Nikanyamaza. Mtu akisifiwa kazi ya mikono yake huwa mzito wa kuuliza maswali.

Wiki chache baadaye homa ikamwangusha. Ilianza baridi, akajifunika mablanketi mawili na bado meno yanagongana. Kisha joto, kisha jasho lililolowesha shuka. Tone moja la damu kutoka kidoleni, kipimo cha haraka, dakika chache za kusubiri, mistari miwili. Malaria. Siwezi kuapa kwamba ni usiku fulani ndio uliomletea. Tangu kuumwa na mbu mwenye vimelea hadi homa kuanza hupita wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na katika muda huo shangazi alilala usiku mwingi bila chandarua. Kila usiku alilala akinukia vizuri.

Alipona, na mwishoni nitasema alitibiwa na nini, maana hapo pana kichekesho chake. Lakini tangu siku ile mafuta haya ya mimea hayajaniacha. Laiti yangekuwa uongo mtupu, makala hii ingekuwa na mistari mitatu. Tatizo ni kwamba yanafanya kazi. Yanamfukuza mbu kweli, hata anofelesi mwenyewe anayebeba malaria. Yanamfukuza kwa muda, halafu yanaondoka kabla yake.

Tuanze na huyo mbu. Anayeuma ni jike peke yake, na haumi kwa sababu ana njaa. Chakula chake cha kawaida ni maji matamu ya maua, kama dume. Damu anaitaka kwa ajili ya mayai. Usiku anapotoka kukutafuta, kinachompa habari kwanza ni pumzi yako. Hewa ya ukaa unayoitoa puani inapeperuka na upepo, naye anaihisi kutoka mita kadhaa na kuanza kupanda kuifuata, akikata huku na huku. Akikaribia ndipo anapokutana na wewe halisi: harufu ya jasho, asidi ya laktiki, amonia, asidi nyingine ndogondogo zinazotengenezwa na bakteria wa ngozi yako. Karibu zaidi, anasikia joto na unyevu wa mwili. Basi, anatua.

Na anapenda miguu. Katika miaka ya 1990 Mholanzi Bart Knols na wenzake walichunguza ni wapi hasa Anopheles gambiae anauma mtu aliyetulia bila nguo, wakakuta anaelekea nyayo na vifundo vya miguu. Miguu ikioshwa kwa sabuni, anatawanyika na kuuma kwingine. Kisha wakaja na wazo la kumjaribu kwa jibini ya Limburger, ambayo inanuka miguu hasa, kwa kuwa bakteria wanaoiivisha ni ndugu wa karibu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vyetu. Mbu wakaivamia. Mwaka 2006 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mimi hunifikirisha hivi: mbu wa malaria ni mtaalamu wa harufu, na anayetaka kupigana naye kwa harufu amemfuata kwenye uwanja wake wa nyumbani.

Mimea nayo si migeni katika uwanja huo. Mchaichai hautengenezi mafuta kwa ajili yetu. Hauna miguu ya kukimbia wadudu wanaotafuna majani, kwa hiyo umejiwekea silaha ndani ya jani, katika vifuko vidogo vinavyopasuka ukilifikicha. Wadudu wana milango ya fahamu inayopata adha kutokana na viambata hivyo. Kwa baadhi ya mafuta tunajua mpaka kipokezi chenyewe: mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba kiambata kikuu cha ule mmea unaowalevya paka huamsha katika mwili wa mbu kipokezi cha muwasho kiitwacho TRPA1. Kwa mbu ni kama kupuliziwa pilipili. Kipokezi kama hicho cha binadamu hakiamshwi nacho.

Neno nalo lina mtego. Mitandaoni wengi sasa wanaandika "mafuta muhimu". Muhimu kwa nani? Jina la kigeni halikumaanisha umuhimu, lilimaanisha kiini, ile roho ya mmea iliyonaswa kwenye chupa. Mimi nashika "mafuta tete", kwa sababu utete ndio habari nzima. Tone la mafuta ya kupikia likidondokea karatasi, doa lake litakuwepo hata mwakani. Dondoshea tone la mafuta ya mchaichai: doa linafifia ukiliangalia, na kesho karibu hakuna kitu. Limekwenda hewani. Ndiyo maana unalinusa. Kunusa maana yake ni kwamba molekuli zimekwisha kuachana na ngozi yako na kufika puani. Harufu unayoifurahia ni mafuta yanayokuaga.

Niliwahi kuyakamua mwenyewe kwa mvuke, jikoni, kwa sufuria yenye mfuniko na bomba la shaba lililopita kwenye ndoo ya maji baridi. Kilo nzima ya majani mabichi, saa mbili za moto, na mwisho wa bomba yakadondoka maji yenye utando mwembamba wa manjano juu yake. Utando ule nikauvuta kwa bomba la sindano: mililita 3. Nikauangalia kama mtu aliyetoka kuchimba dhahabu. Nalisema hili kwa sababu wengi huchemsha majani ndani ya mafuta ya nazi, wakachuja, wakaamini wamepata kitu kilekile. Wamepata mafuta ya nazi yenye harufu ya majani. Na jingine: mchaichai wa kwenye chai si mmea ule unaotoa sitronela ya madukani. Ni binamu. Wa chai umejaa kiambata cha sitrali; binamu yake ana sitronelali na jeranioli. Wote wanamkera mbu, wote wanakimbilia hewani.

Baada ya shangazi kupona nilitaka kujua zile dakika nilizomwahidi zilikuwa ngapi. Nikaketi nje jioni, mkono wa kushoto mtupu, wa kulia nimeupaka mchanganyiko uleule. Mpwa wangu alikaa pembeni na tochi na saa. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele mbu akitua, kabla hajachoma. Usiniige. Watafiti wanaofanya kazi ya namna hii hunywa dawa za kinga kwanza, nami sikunywa, kwa ujinga.

Mkono wa kushoto: mbu wa kwanza dakika ya pili. Wa kulia: kimya. Dakika ya 10, kimya. Ya 20, mpwa wangu ameanza kuchoka na mimi nimeanza kujisifu. Dakika ya 34 akapiga kelele. Mbu alikuwa kwenye kiwiko, mahali ambapo kiganja changu hakikupita vizuri, upana wa kidole kimoja tu kutoka yalipoishia mafuta. Nilidhani nimejizungushia ukuta wa harufu, kumbe nilijipaka rangi: palipopakwa pamelindwa, pasipopakwa hapana kitu. Dakika ya 50 akatua mwingine katikati kabisa ya mkono, juu ya mafuta yenyewe. Nikainama nikanusa. Mkono ulikuwa unanukia vizuri sana.

Hapo ndipo nilipomwelewa shangazi. Kipimo chake kilikuwa pua yake, na pua ya binadamu ni saa mbovu kwa kazi hii. Inaendelea kupata harufu ya mabaki yaliyobaki kwenye shuka, kwenye pazia, kwenye nywele, hata baada ya kiasi kilicho juu ya ngozi kushuka chini ya kile kinachomtisha mbu. Chumba kunukia na ngozi kulindwa ni vitu viwili.

Waliopima kwa utaratibu walikuta vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Mwaka 2002 Mark Fradin na Jonathan Day walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio ambalo watu waliingiza mikono yao kwenye vizimba vyenye mbu, na saa ikahesabu hadi mwumo wa kwanza. Dawa ya maabara iitwayo DEET, yenye nguvu ya karibu asilimia 24, ilishika dakika 301, yaani saa tano na ushee. Bidhaa za sitronela zilianguka kabla ya dakika 20. Zile bangili za kuvaa mkononi, zilizolowekwa dawa? Hazikumaliza nusu dakika. Mbu waliotumika ni Aedes aegypti, yule wa dengi, ambaye ni king'ang'anizi kuliko wengi, kwa hiyo dakika hizo usizihamishie moja kwa moja kwa anofelesi. Lakini mpangilio wa nani alitangulia na nani aliachwa nyuma unatosha kunyamazisha vichupa vingi, kikiwemo changu.

Zipo mbinu za kuyachelewesha mafuta yasiruke. Kuyachanganya na mafuta mazito ya nazi au ya mgando, kuyapa nta, kuyatia vanilini, kile kiambata kinachoipa vanila harufu yake. Mafuta ya karafuu, yakipakwa bila kupunguzwa, yamewahi kuwazuia mbu maabara kwa saa 2 hadi 4. Bila kupunguzwa! Anayeandika ushauri huo kwa wasomaji wake hajawahi kujipaka.

Mimi nimejipaka, bila kukusudia. Nilitia mafuta ya karafuu kwenye chupa ya kupulizia, nikajaza maji, nikatikisa kidogo, nikajipulizia shingoni. Mafuta tete hayachanganyiki na maji, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba mengi huelea, ila ya karafuu ni mazito kuliko maji na yanazama. Na mrija wa chupa ya kupulizia hunyonya kutoka chini. Mpulizo wa kwanza ulikuwa karibu karafuu tupu. Shingo iliwaka kwa jioni nzima, ikabaki na wekundu wa siku tatu.

Watoto ndio wasichezewe kabisa. Mafuta ya mkaratusi au ya kafuri yakimezwa, hata kiasi cha kijiko, yanaweza kumtia mtoto degedege, na vichupa hivi vina harufu ya peremende. Mtoto mchanga asipakwe usoni wala karibu na pua. Na baadhi ya mafuta ya jamii ya machungwa, hasa ya bergamoti, yakipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza. "Ni ya asili" ni habari ya yalikotoka. Haisemi chochote kuhusu yatakachokufanyia.

Lakini kuna mmea mmoja uliofaulu mtihani, na jinsi ulivyofaulu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ni mkaratusi wenye harufu ya limau. Ukiukamua kwa mvuke unapata mafuta mazuri yaliyojaa sitronelali, na yanafanya kama wenzake wote: yanamkera mbu, yanaruka, yanakwisha. Katika miaka ya 1960 Wachina waliokuwa wakipima mimea mingi kwa pamoja waligundua kwamba kilichobaki baada ya kukamua, yale mabaki ambayo mtu angeyamwaga, ndiyo yaliyofukuza mbu kwa muda mrefu. Ndani yake mlikuwa na kiambata kinachofupishwa PMD. Hakina haraka ya kugeuka mvuke. Hakinukii sana. Ukimpa mtu achague kwa pua, atakiacha na kuchukua yale mafuta mazuri, naye atakuwa amechagua vibaya.

PMD iliyotengenezwa ipasavyo, kwa nguvu ya asilimia 30 hivi, hulinda kwa saa kadhaa, karibu na DEET yenyewe. Tangu mwaka 2005 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kimeiweka kwenye orodha ya dawa za kupaka inazozipendekeza, kwa sharti kwamba mtoto wa chini ya miaka 3 asipakwe. Siku hizi PMD nyingi hupatikana kwa kuigeuza sitronelali ya mafuta hayohayo kiwandani. Hapa majina yanapoteza watu: chupa iliyoandikwa mafuta safi ya mkaratusi wa limau haina PMD ya kutosha, hata iwe ghali namna gani. Angalia herufi hizo tatu kwenye kibandiko. Zisipokuwepo, umenunua manukato.

Na ni dawa ya mmea iliyowahi kupimwa dhidi ya malaria yenyewe, si dhidi ya kuumwa tu. Katika Amazoni ya Bolivia mbu mkuu ni Anopheles darlingi, ambaye huanza kuuma mapema jioni, watu wakiwa bado nje, wakati chandarua kinaning'inia peke yake chumbani. Watafiti wakawapa watu zaidi ya 4,000 vyandarua vyenye dawa, wote. Nusu ya kaya wakazipa na PMD ya kupaka kila jioni. Nusu nyingine zikapata kitu cha kujipaka kisicho na kazi, bila kujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la tiba la BMJ: malaria ya aina ya vivax ilipungua kwa asilimia 80 kwa waliojipaka. Soma tena mpangilio wake. Chandarua kwa wote kwanza, kisha mafuta kwa yale masaa ambayo chandarua hakiwezi kukufuata. Shangazi na mimi tulifanya kinyume.

Isitoshe, kule ilikuwa ni utafiti, watu wanatembelewa na kukumbushwa. Kambodia walipogawa dawa ya kupaka kwa vijiji vizima, tena ya maabara yenye nguvu, malaria haikupungua kuliko kwa wasiopewa. Dawa haikuwa mbovu. Watu walisema wanajipaka, ila walipochunguzwa, wengi hawakuwa wamejipaka. Simlaumu mtu. Kujipaka kila jioni, kila sehemu, mwaka mzima, baada ya kazi, na watoto watano wanasubiri zamu yao? Chandarua ukikitundika leo, kesho bado kimetundikwa.

Halafu kuna jirani. Mbu aliyefukuzwa hafi. Anageuza. Utafiti uliofanyika vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba pale ambapo baadhi ya kaya zilijipaka na nyingine hazikujipaka, zile zisizojipaka zilipata mbu zaidi. Usiku ule mimi na mpwa wangu tuliketi hatua mbili tu tukitenganishwa na mkono wangu uliopakwa. Sikuwahi kumuuliza aliumwa mara ngapi. Chandarua chenye dawa kwa upande wake huua: mbu anayekuja akifuata harufu ya aliyelala ndani anakanyaga nyuzi na hafiki kwa jirani. Ndiyo maana kati ya mwaka 2000 na 2015, katika visa milioni 663 vya malaria vinavyokadiriwa kuepushwa Afrika, asilimia 68 vilihesabiwa kwa vyandarua. Bado mwaka 2023 pekee Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 263 na vifo 597,000 duniani kote. Kwa adui wa kiasi hicho mimi nilimpa shangazi mililita 50 za manukato na kibandiko.

Sasa kile kichekesho. Shangazi alipewa vidonge vya dawa mseto, siku tatu, ale kwanza chakula ndipo ameze. Siku ya pili, homa imeshuka, akavaa miwani akaanza kusoma karatasi ya ndani ya paketi, kama afanyavyo kwa kila karatasi.

"Hii artemi... inatoka wapi?"

Nikamwambia inatoka kwenye pakanga ya Kichina, mmea.

Akashusha miwani. "Kwa hiyo majani yameniponya."

Ningeweza kuiacha hapo akafurahi. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja. Nikamweleza kuhusu Tu Youyou, mwanasayansi wa China ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuta kwamba kuyachemsha majani hayo kunaharibu kilichomo, akakitoa kwa etha, kiyeyusho kisichohitaji moto mkali, na kwa kazi hiyo akapewa Nobeli mwaka 2015. Kwamba kilichomponya kimepimwa kwa miligramu na kuunganishwa na dawa nyingine. Na kwamba chai ya majani hayo Shirika la Afya Duniani halitaki itumike kutibu malaria. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo yako ya karafuu," akauliza, "ulipima nini?"

Siku hizi jioni akikaa nje ana chupa ya dukani yenye herufi tatu, isiyo na harufu ya kusifiwa, na anaipaka mpaka viwiko. Saa tatu usiku simu yake inalia kengele aliyoitega mwenyewe. Huijibu kwa sauti, "Nimesikia!", kama vile kuna mtu anamwita, kisha anaingia chumbani, anashusha chandarua na kukichomeka chini ya godoro pande zote nne, akikagua pembe kwa kiganja. Kile kichupa changu hakukitupa. Kiko mezani kwake, kibandiko kimefifia. Kabla ya kulala hudondosha tone moja kwenye ncha ya mto.

"Hii si ya mbu," aliniambia aliponiona natazama. "Hii yangu."